Uzio wa pilipili uwe tayari kabla mahindi hayajabeba

Wanakikundi, habari za jioni. Wenye mashamba upande wa msituni hapa Liwale, tusisubiri. Tembo akishaonja shamba, kumzuia ni kazi maradufu.

Nguzo zikae hatua kumi kumi, kamba ya katani ipite usawa wa kifua. Twangeni pilipili kichaa iliyokauka vizuri (funikeni pua, watoto wakae mbali), mchanganye na oili chafu hadi iwe uji mzito. Chovyeni vitambaa, mfunge kila baada ya hatua mbili, na kamba yenyewe ipakwe. Oili ndiyo inayoshikilia pilipili mvua ikinyesha. Ukichanganya na maji, manyunyu ya usiku mmoja yanaosha yote. Hata hivyo harufu hupungua, kwa hiyo pakeni upya kila mvua kubwa ikipita.

Nawaomba sana, msizibe mapito yao ya zamani. Tembo aliyezibiwa njia huingia kwa jirani.

Akiingia, msimsogelee, hasa mwenye mtoto. Asubuhi pigeni picha za nyayo na mazao kabla ya kusafisha, mzipeleke kwa mtendaji wa kijiji, afisa wanyamapori aje kufanya tathmini ya kifuta jasho (malipo ya serikali kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyamapori).

Oili inagawiwa Jumamosi ofisi ya kijiji. Njooni na madumu.