Nduku, nataka kusomea masaji

Nduku wangu,

Habari za Diani? Huku tuko salama, watoto wa Mama Shiro wamerudi shule, Kevo bado ni Kevo. Tumenyamaziana sana lakini tusidaiane, naandika juu hili jambo nikijaribu kukuambia kwa simu nitaanza kulia na mtandao utapotea kabla nifike penye nilikuwa naenda. Kuna fomu iko kwa mkoba wangu, ya chuo kimoja hapo tao, na inafaa irudi Ijumaa pamoja na dipoziti. Nataka kusomea masaji. Sio ile yetu ya kinyozi, ile kamili, ya mtu kulala kwa meza na wewe unajua kila msuli unaoushika unaitwaje.

Kabla useme venye Kevo alisema, nisikize kwanza.

Wewe unaijua hiyo kazi, uliniacha kwa kiti hicho hicho. Mtu ananyolewa, anaoshwa kichwa, anawekewa taulo moto, alafu unamkanda kichwa, shingo, mabega na mikono huku anaangalia mpira kwa TV, anakuachia hamsini ama mia na anaenda. Hakuna mtu alitufundisha. Wewe uliniambia tu nianze nyuma ya masikio nishuke na shingo, na wewe mwenyewe uliambiwa hivo na Rispa. Lakini Nduku, mikono imeanza kujua vitu. Saa hii mtu akikaa naweza kukuambia anafanya kazi gani kabla aongee. Madereva wa matatu bega lao la kushoto ndo limekaza, juu gia iko upande huo, anasukuma na kuvuta kutoka alfajiri hadi usiku. Fundi wa nguo ni hapa nyuma ya shingo, penye kichwa kinakutana na uti. Watu wa boda ni kiuno na vifundo vya mikono.

Kuna dereva mmoja huja jioni akishafunga gari. Ile siku ya kwanza nilimshika hapo kati ya shingo na bega nikapata fundo gumu kama punje ya githeri ambayo haijaiva. Nilikuwa nimezoea kusugua tu, lakini siku hiyo nikaweka kidole gumba hapo nikatulia, sikusugua, nikaongeza uzito polepole. Alishika pumzi. Nikamwambia pumua, na alipotoa pumzi nikasikia kitu kinalegea chini ya kidole, kidogo kidogo, hadi kikaisha. Akageuza shingo kulia, akageuza kushoto, akasema hajaangalia kioo cha huo upande bila kugeuza kiwiliwili chote tangu mwaka jana. Nilisikia furaha hadi nikashindwa kuongea. Sijawahi kusikia hivo na kazi ingine yoyote, na unajua nimefanya nyingi.

Lakini hiyo siyo ndo imefanya nichukue fomu. Ni ule mguu.

Kuna mzee alikuja na kijana wake, walikuwa wametoka Busia na basi ya usiku. Ananyolewa anasema mguu unamsumbua, kuna msuli umeshika hapa nyuma chini ya goti, akaniomba nimkandie hapo nikimaliza mabega. Akapandisha suruali. Mguu mmoja ulikuwa umevimba kuliko ule mwingine, unang'aa, na nilipouwekea mkono ulikuwa moto, ule mwingine baridi. Nikaenda kuchukua mafuta. Sasa kwa benchi kulikuwa na mama amekaa akingoja mtoto wake anyolewe, yeye ni muuguzi, akasimama akaniambia, dada, huo mguu usiuguse hata kidogo. Alafu akamgeukia mzee akamuuliza amesafiri lini, amekaa muda gani bila kunyoosha miguu, anasikia kifua kikibana? Akamwambia kijana wake wasipitie nyumbani, waende hospitali moja kwa moja.

Walipoenda akanieleza. Mtu akikaa sana bila kusonga damu inaweza kuganda ndani ya mshipa mkubwa wa mguu, ile ya ndani kabisa. Ukiukanda huo mguu lile donge linaweza kung'oka, lipande na damu, lipite kwa moyo likwame kwa mapafu, na mtu anaweza kufa papo hapo. Kijana wake alirudi baadaye kutuambia walimpiga picha na ile mashine ya kupima wajawazito na kweli damu ilikuwa imeganda, wakamwanzishia dawa ya kuizuia isiendelee.

Nduku, mafuta yalikuwa tayari kwa mkono wangu.

Tangu hapo kila mtu akipandisha suruali ama akivua shati naangalia ngozi kwanza. Nilimwomba yule mama aniambie mengine na akakaa chini akaniambia yote, aki Mungu ambariki. Mwenye homa usimkande. Mwenye kidonda ama upele unaoambukiza usiguse hapo. Mishipa ya miguu iliyovimba na kujikunja usiikandamize. Mjamzito ana kulala kwake kwa ubavu na kushikwa kwake, sio kila mtu anafaa kumshika. Na mwenye sukari, hii ndo ilinishika sana, mwenye sukari ya muda mrefu anaweza kuwa miguu yake haisikii vizuri, wewe unafinya unamuuliza inauma anakuambia haiumi, na kumbe unamuumiza. Mimi hapo nimekuwa nikimtegemea mtu aniambie inauma ama haiumi! Hiyo ndo ilikuwa kipimo chetu chote.

Kwa hivyo nikaenda hapo chuoni kuulizia. Mwalimu ni mama mmoja ana mikono mikubwa hivi, akanionyesha darasa. Wanaanza na mwili kwanza, mifupa na misuli na njia za damu, kabla mtu ashike mtu. Alafu kuna hiyo masaji ya Kiswidi ambayo hata huko hotelini kwenu lazima iko, ina mishiko mitano, kuteleza na kiganja, kukanda, kusugua, kugonga na kutetemesha, na ukiwa mguuni ama mkononi unasukuma kuelekea moyo. Akaniambia Waswidi wanasifiwa bure, huyo Ling wao wanayesema ndo aliianzisha alikuwa mtu wa mazoezi ya viungo na alikufa 1839, na anayetajwa kuipanga mishiko hivo ni daktari wa Uholanzi, Mezger. Nilipenda sana kujua kuna daktari alikaa chini akafikiria vile mkono unafaa kuteleza.

Akanionyesha pia meza. Unasimama wima, mikono imening'inia, unakunja ngumi, na meza inafaa ifike hapo kwa ngumi, ndo uinamie na uzito wa mwili wako badala ya kusukuma na vidole. Akaniuliza vidole gumba vyangu viko aje, nikamwambia vinaniuma hapa chini vinapoungana na kiganja, hasa Jumamosi kukiwa na watu wengi. Akasema nikiendelea hivo sitafika mbali na hii kazi, natakiwa nijifunze kutumia kiwiko na mkono huu wa mbele. Wewe vyako havikuwa vinauma? Nakumbuka ulikuwa unaviloweka kwa maji ya chumvi.

Sasa mama. Hapo ndo nimekwama. Nitamwambia mama nini? Unajua Kangundo ilivyo, unajua ushirika wao wa akina mama. Akisikia masaji anafikiria zile karatasi zimebandikwa kwa nguzo za stima na namba ya simu. Na si ati amekosea kabisa, hiyo kitu iko, sote tunaijua. Wiki jana tu mteja mmoja alinishika mkono akaniuliza kama kuna chumba cha nyuma na atalipa vizuri, nikautoa mkono wake nikamwambia hapa tunakanda mabega, akaenda kulalamika kwa bosi, na bosi badala ya kusimama na mimi akaniambia nijifunze kuongea na wateja. Niliumia sana. Sio maneno ya mteja, hao wako kila mahali, ni huyo bosi ananijua na anaijua kazi yangu. Pale chuoni mwalimu alisema somo la pili kabisa ni kufunika, mtu amefunikwa shuka yote isipokuwa hapo unaposhughulikia, na kabla aingie mnakubaliana kitafanyika nini, na ukiona haieleweki unasimamisha masaji na unatoka. Kusikia kwamba hiyo ni somo, imeandikwa, ina sheria zake, nilitulia moyo. Ningetaka kufanya kazi mahali ambapo nikisema hapana, hapana ni yangu.

Kevo anasema basi nisomee fizio, ile tiba ya viungo ya hospitali, niheshimike. Nimeliwaza hilo. Lakini fizio ni kitu kingine kabisa, wako na baraza lao kwa sheria ya 2014, diploma KMTC, kile chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, ni miaka mitatu na gredi yangu unaijua, na mimi sitaki kujiita kitu ambacho sijasomea. Nikimaliza masaji nitasema mimi ni mtu wa masaji. Mtu akija na kiuno kinachotuma maumivu hadi kwa vidole vya mguu nitamwambia aende kwa daktari ama kwa fizio. Hiyo nayo ni kazi, kujua wakati wa kutomshika mtu. Narudi tu kwa ule mguu, unaona? Kila nikifikiria naishia hapo.

Nilikuwa nafikiria nimwambie mama kuhusu Kipchoge. Vile alilia hiyo 12 Oktoba 2019 alipomaliza marathoni huko Vienna kwa saa moja na dakika 59 na sekunde 40, ananiambia huyo ni mtoto ana nidhamu. Sasa Kipchoge ana mtu wa kumkanda, fizio wake Peter Nduhiu, amekuwa naye miaka mingi, na yule Kiprono wetu anasema huko Iten mkimbiaji akitoka mbio ndefu anaenda kukandwa kama vile anaenda kula, hakuna mtu anaona ni anasa ama ni aibu. Labda nikianzia hapo atanisikiliza. Ama nianzie na ule mzee wa Busia. Sijui. Yeye mwenyewe mama magoti yake nikienda nyumbani huwa nayakanda na mafuta ya nazi jioni, na anapenda, na hajawahi kuona ni jambo baya, lakini hiyo kwake sio masaji, hiyo ni mtoto anashughulikia mzazi.

Pesa nayo. Karo yote ni elfu thelathini na tano, wanakubali kwa awamu, dipoziti elfu kumi. Zamu yangu ya chama ni mwezi ujao, nimeongea na Mama Shiro tubadilishane na amekubali, kwa hivyo dipoziti iko. Shida ni masomo ni asubuhi, siku za wiki, na bosi hataki mtu wa jioni pekee. Kuna kinyozi kingine hapo karibu na steji kinataka mtu wa kuanzia saa kumi, pesa ni kidogo. Nitajikaza, nyumba ni ile ile ya singo na sina mtoto wa kulipia karo.

Kile sijui ndo nakuuliza wewe juu uko ndani ya hoteli, hata kama ni upande wa vyumba. Wale wasichana wa spa hapo kwenu walisomea wapi na kwa muda gani? Walipokuja intavyu waliitishwa karatasi gani, cheti cha chuo kinatosha ama wanataka mtihani wa NITA, ule wa ufundi wa serikali? Na waliwekwa kwa meza wamkande mtu wakiangaliwa? Chuo nacho nitahakikisha kimesajiliwa na TVETA, ile mamlaka ya vyuo vya ufundi, kabla nitoe hata shilingi, hapo usiwe na wasiwasi. Wanalipwa mshahara ama ni komisheni, na watalii wakipungua wanakula nini? Mteja akileta ujinga, meneja anasimama na nani? Vidole vyao viko aje? Na wale wamama wa huko wanaowasinga mabibi harusi na liwa, ule unga wa msandali, si uliniambia jirani yako ni mmoja wao, anaweza kukubali nije nimwangalie akifanya, hata Desemba nikipata likizo?

Na wewe. Wewe ndo ulinifundisha kushika shingo ya mtu. Unaniona naiweza? Ungekuja tusome pamoja kama ungekuwa bado hapa mtaani Umoja? Ungemwambia mama yako aje?

Nipigie Jumatano ama Alhamisi, baada ya saa tatu usiku nikishafunga. Ijumaa asubuhi napeleka fomu kabla niende kazi, kwa hivyo kama una neno la kunizuia liseme kabla hapo, na kama huna basi niombee. Nisalimie Salim, na umwambie zile elfu mbili za Rispa anajua.

Wako,
Mwende