Barua ya wazi kwa vijana wa mlimani: kichwa kikiuma, semeni

Wanangu wa Marangu, Machame na Rombo, na ninyi mliotoka mikoa ya mbali kufuata riziki ya Kilimanjaro,

Nawasalimu. Msimu umechangamka, na najua wengine mnasoma haya kwenye simu huku mkingoja mizigo ipimwe getini. Nataka tuongee jambo moja tu, nalo ni kunyamaza pale mtu anapoanza kuugua kwa sababu ya mwinuko wa mlima. Katika miaka yangu ya kuongoza wageni, ni wachache niliowaona wakishushwa kwa machela usiku bila dalili yoyote ya mchana. Wengi kichwa kiliwaanza mapema, wakajikaza. Mgeni anajikaza kwa sababu amelipa pesa nyingi na kwao wanasubiri picha ya kileleni. Ninyi wagumu, wabeba mizigo wetu, mnajikaza kwa kuogopa kushushwa siku ya pili na malipo kukatwa.

Tuanze na hewa yenyewe. Kule juu oksijeni ni ileile asilimia 21 iliyopo Moshi mjini. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa, kiasi kwamba pale kilele cha Uhuru, mita 5,895, kila pumzi inakupa karibu nusu tu ya oksijeni ambayo ungeipata Tanga. Mwili unaweza kuzoea, ila unataka siku. Ushauri wa madaktari wa milima ni kwamba mtu akishapita mita 3,000, kituo cha kulala kisipande zaidi ya mita 500 hivi kwa siku. Sasa pigeni hesabu ya vituo vya kulala vya njia ya Marangu: Mandara mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720. Tunampandisha mtu mita 1,000 kila siku! Safari ya siku tano iliwekwa kwa ajili ya mfuko, mwili haukuulizwa. Mgeni akitaka ushauri wako, mwambie bila kuzunguka aongeze siku pale Horombo, atembee juu kidogo kuelekea kilele cha Mawenzi, kisha arudi kulala palepale. Wa njia ya Machame wana nafuu, maana wanapandishwa hadi mwamba wa Lava Tower, kama mita 4,600, halafu wanateremka kulala kambi ya Barranco. Wageni hulalamika siku ile kwamba wamechoshwa bure. Waacheni walalamike.

Hata Hans Meyer, yule Mjerumani wa kwanza kufika kileleni, alijifunza hilo. Mwaka 1887 mlima ulimrudisha. Aliporudi 1889 na mpanda milima mwenzake Ludwig Purtscheller, alipiga kambi juu na chakula kikawa kinapandishwa kutoka Marangu kwetu, akapata muda wa kujaribu zaidi ya mara moja mpaka akafika kileleni tarehe 6 Oktoba. Leo mtu anashuka kwenye ndege jioni, kesho yake asubuhi yuko getini, na ana haraka kuliko Meyer.

Dalili za mwanzo mnazijua: kichwa kuuma, pamoja na kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, kizunguzungu au uchovu usioeleweka. Anajisikia kama aliyekesha kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi. Tatizo letu ni namna tunavyouliza. Ukimwuliza mgeni "mambo, uko poa?" atakujibu "poa, hakuna matata", kwa kuwa ndivyo tulivyomfundisha tangu getini. Mtazame anavyokula. Jana supu aliimaliza akaomba nyingine, leo anazungusha kijiko tu na bisi hajazigusa. Hapo muulize maswali yenye majibu: umelala saa ngapi, kichwa kinauma upande gani, umetapika? Mwenye dalili hizo hapandi hatua nyingine. Apumzike palepale, anywe maji kwa kiasi, apewe parasitamoli. Zikizidi, au zikikataa kuondoka hata baada ya kupumzika, anateremshwa.

Kuna hali mbili ambazo hazingoji kuche. Ya kwanza ni ubongo kuvimba. Pale Kibo, saa tano usiku watu wanajiandaa kutoka, utamwona mmoja anahangaika na kamba za viatu kama mtoto, glavu ya kulia kaivalisha mkono wa kushoto, ukimsemesha anajibu ovyo au anakuwa mkali. Chora mstari kwenye vumbi, mwambie autembee kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Akiyumba, safari yake ya juu imeisha. Ya pili ni mapafu kujaa maji: anahema wakati amekaa, anakohoa, midomo inageuka rangi, na hali ikiwa mbaya anatema povu lenye wekundu. Mpeni oksijeni, na mwenye mafunzo atoe dawa ya deksamethasoni au nifedipini kulingana na ugonjwa, lakini safari ya kushuka ianze usiku huohuo. Asishuke peke yake. Kwa kawaida mita 300 hadi 1,000 za mteremko huleta nafuu, na Horombo iko mita 1,000 chini.

Kile kifaa cha kubana kidoleni, kinachopima oksijeni ya damu, kisiwadanganye. Mtu asiyeumwa kabisa anaweza kusoma asilimia 80 na kitu pale Kibo, na mwenye namba nzuri anaweza kuwa anaumwa. Dawa ya Diamox inasaidia mwili kuzoea mapema, kwa kawaida miligramu 125 asubuhi na jioni kuanzia siku moja kabla ya kupanda, lakini aandikiwe na daktari, hasa mwenye mzio wa dawa za salfa. Vidole kuchonyota na kukojoa mara kwa mara ni kawaida yake. Msigawiane kama pipi.

Sasa ninyi wenyewe. Kuzaliwa Marangu hakukupi mapafu ya Kibo. Ukikaa nyumbani wiki kadhaa, mazoea yote yamekwisha, unaanza upya kama mgeni. Tena ninyi ndio mnaokimbia na kilo 20 kuwahi kambi, jasho likikauka mwilini kwenye baridi, jaketi jepesi, maji hamjanywa, na jioni kuna anayepasha mwili kwa pombe kali. Kazi nzito na baridi ndivyo vinavyoyachokoza mapafu huko juu, halafu kikohozi kikianza mnasema ni mafua ya vumbi.

Ninyi waongozaji, mkimaliza kuwapima wageni jioni, ingieni na hema la wagumu. Na kabla hamjavuka geti, tangazeni mbele ya kundi zima kwamba mgumu atakayeumwa na kusema atashushwa na mwenzake, na malipo yake ya siku zote yatabaki vilevile. Mwenye kampuni akipinga, mleteni kwangu Marangu tuzungumze. Siku hizi sipandi tena, nipo nyumbani.

Mzee wenu,
Marangu