Kwa mpwa wangu: udi, molekuli na mtungi wa gesi

Mpwa wangu,

Mamako ameniletea kesi yako na mwalimu. Kama molekuli za hewa, yaani chembe zake ndogo mno, hukimbia karibu mita 500 kwa sekunde, mbona nyanyako akifukiza udi chumbani, aliye sebuleni haisikii harufu papo hapo?

Si swali la kitoto hilo. Mwaka 1858 Mholanzi mmoja, Buys Ballot, alimkabili nalo Mjerumani Rudolf Clausius, aliyekuwa akieleza kwamba joto la gesi ni mwendo wa molekuli zake. Clausius akajibu mwaka uleule: mbio zipo, nafasi ndiyo haipo. Molekuli huenda kama sehemu ya elfu moja ya unene wa unywele, ikagongana na nyingine, ikageuzwa njia, na hayo huipata mara mabilioni kwa sekunde. Jaribu kukatiza Marikiti mkesha wa Idi: miguu haitulii, na nusu saa baadaye ungali kwa muuza bizari.

Wala hakuna anayezisukuma molekuli za udi zitoke chumbani. Kila moja huenda ovyo tu. Ila kwa kuwa chumbani zimejaa na sebuleni ni chache, zinazotoka huzidi zinazorudi, na huko ndiko kusambaa kwenyewe. Kasheshe iko kwenye hesabu: umbali ukizidi mara mbili, muda huzidi mara nne. Hewa ikitulia tuli, mita moja tu yaweza kuchukua saa kadhaa! Kwa hiyo udi unaofika sebuleni kwa dakika chache umebebwa na feni, na upepo wa dirishani, na joto la chetezo lenyewe. Vitabu vya shule hulipita hili kimya, sijui kwa nini.

Joto huongeza mbio, na molekuli nyepesi huzitangulia nzito. Hilo mtaliona maabara kwa amonia, gesi nyepesi yenye harufu kali.

Lakini la jikoni ndilo linalonikosesha usingizi. Gesi ya mtungi, propani na butani, ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutanda chini, sakafuni. Ukiisikia harufu yake usingoje isambae yenyewe. Funga mtungi kama unafikika, fungua mlango na madirisha, watoe watu nje. Feni usiiwashe, na kama inazunguka usiizime: cheche ya swichi yatosha kuilipua gesi.

Mjombako