Swahiba, mshipi wa kuvulia niliokununulia ni wa njano

Kigamboni, Dar es Salaam

Swahiba wangu,

Asalaam aleikum. Sisi huku hatujambo, twamshukuru Mungu, na natumai huko Kilwa mu wazima, mama na watoto wote. Upepo wa kusi bado unavuma, na boti ndogo zimelala mchangani tangu juzi, ndiyo maana nimepata nafasi ya kukaa na kalamu.

Mzigo wako nimekwisha kuufunga. Alfajiri naupeleka Mbagala nikaupakie kwenye basi la kusini. Naomba uisome barua hii kabla hujafungua boksi, maana kilichomo sicho ulichoagiza. Ulitaka mshipi wa kusuka, ule wa nyuzi nyembamba zilizosukwa pamoja, wa ratili 100, rangi ya kijani cha mwani, roli mbili. Nimenunua roli mbili za ratili 50, rangi ya njano. Hela ni yako na chombo ni chako, na ukiona nimekosea nitarudi Kariakoo kubadilisha mwenyewe. Lakini nisikilize kwanza.

Nianze na nguvu, yaani hizo ratili, uzito ambao mshipi unauhimili kabla ya kukatika. Najua ulikoitoa hiyo 100. Tumekua tukirambaza kwa mkono, tukiburuta chambo nyuma ya boti inayokwenda, nailoni nene imepita kwenye vidole, na wazee wakituambia nguru havuliwi kwa uzi wa kushonea. Walikuwa sahihi. Ila ule unene haukuwa kwa ajili ya nguru peke yake, ulikuwa kwa ajili ya kiganja. Uzi mwembamba usingeshikika, ungekukata. Sasa wewe una fimbo mbili na rili mbili, vile vigurudumu vya kukusanyia mshipi. Kiganja kimetoka kwenye kazi hiyo, mahali pake imeingia breki ya rili, na samaki akivuta kupita kiasi ulichokaza, rili inamwachia.

Rili zako nazikumbuka, tulizifungua wote pale barazani kwangu. Hata ukikaza breki mpaka mwisho haifiki kilo 10. Ratili 100 ni kilo 45. Kilo 35 zilizobaki utazilipia dukani na hutazitumia, isipokuwa siku ndoana itakaponasa kwenye mwamba huku boti inakwenda. Siku hiyo mshipi hautakubali kukatika, na utavunja fimbo au kung'oa kile kishikio ulichoichomekea. Ratili 50 ni kilo 22 na nusu hivi. Kwa nguru, songoro, sehewa, hata jodari wa saizi tunayoipata kwa boti ndogo, weka breki ya kilo 5 mpaka 6, kama robo ya nguvu ya mshipi. Tafadhali usiikadirie kwa mkono. Chukua ile mizani ya kuning'iniza unayopimia samaki, funga ncha ya mshipi kwenye kulabu yake, mwenzako aivute taratibu huku wewe umeinua fimbo, na usome namba pale rili inapoanza kuachia.

Nasisitiza jambo la breki kwa sababu mimi limeniuma. Nailoni ukiivuta inarefuka kwanza, inakuwa kama mpira kati yako na samaki. Mshipi wa kusuka haurefuki, au unarefuka kidogo sana. Mwaka jana nilihama kutoka nailoni kwenda huu wa kusuka na breki nikaiacha palepale nilipoizoea. Tukiwa nje ya Kimbiji, nguru akapiga, fimbo ikainama mara moja, halafu kimya. Nikakusanya mshipi. Kwenye ndoana kulikuwa na kipande cha mdomo wake, cheupe, chembamba, kimejikunja kama ganda la kitunguu. Mshipi ulikuwa mzima na fundo zima, lakini nyama ya mdomo haikustahimili. Nililikalia jambo hilo jioni nzima. Tangu siku ile mbele ya mshipi wa kusuka naunga mita 10 za nailoni angavu ya ratili 60, ndiyo inayopokea mshtuko. Mwishoni kabisa, kama nasaka nguru, naweka waya kiasi cha urefu wa mkono toka kiwiko hadi vidoleni, maana yale meno unayajua. Nikiona ni jodari tu, waya nautoa. Jodari ana macho.

Hapo ndipo ilipo habari ya rangi. Uliniandikia unataka kijani ili samaki asiuone mshipi. Lakini samaki anayekifuata chambo chako anakutana na waya na zile mita 10 za nailoni. Mshipi wa kusuka uko mbali mbele, upande wa boti, na sehemu yake iko hewani kati ya fimbo na maji. Tena hakuna mshipi wa kusuka ulio angavu kama nailoni, uwe kijani, bluu au mweupe. Samaki akiutazama kutoka chini, mbingu ikiwa nyuma yake, ataona mstari mweusi tu. Kwa hiyo rangi usimchagulie samaki. Mchagulie anayeshika usukani.

Mwaka huohuo tulitoka na mishipi minne, yote kijani. Alasiri, jua limeshaanza kulala, tukaona ndege wanapiga mbizi na sehewa wanaruka. Nahodha akakata kona kali kuwafuata. Hakuna aliyeona mishipi miwili ya kulia ikipandana. Tulijua pale fimbo zote mbili zilipoinama pamoja, tukadhani ni samaki wawili, tukashangilia. Vilikuwa vyambo viwili vimekumbatiana kwenye donge la mshipi. Na mshipi wa kusuka ukisuguana na mwenzake umekazwa, mmoja unaukata mwingine. Tulipoteza chambo kimoja na mita nyingi za mshipi, na tulipomaliza kufumua ndege walikuwa wameshahama. Wa njano ungeuona toka ulipo. Ungeona kila mmoja unaingia majini wapi, upi umelegea, upi unasogelea pangaboi la injini. Jioni ndiyo utaushukuru zaidi.

Upo mwingine, wa rangi nyingi, unabadilika kila mita 10. Niliushika kwa muda, nikautamani, kwa sababu unakuonyesha umeachia mita ngapi. Bei ikanizuia. Kazi hiyo unaweza kuifanya mwenyewe kwa kalamu ya wino mzito mweusi: paka kipande cha shibiri moja kwenye mita 30 na kwenye mita 45, ili chambo kimoja kikae karibu na kingine mbali, visigongane. Utarudia kupaka, maana nyuzi hizi hazinywi rangi, rangi inakaa juujuu tu. Hata hiyo njano itachujuka na kubaki kwenye vidole vyako. Usihangaike, nguvu haijapungua. Ukiona mshipi umetoa manyoya kama kamba ya katani, hapo ndipo ukate kipande hicho.

Kijani nacho kina mahali pake. Siku ukivua karibu na mwamba, maji yametulia na nailoni ya mbele ni fupi, ningekununulia kijani bila maneno. Lakini wewe umeniambia kurambaza.

Sasa kujaza rili, na hapa tafadhali usifanye haraka. Nailoni ya ratili 50 ina unene wa kama milimita 0.70. Huu wa kusuka wa ratili hizohizo umeandikwa milimita 0.36. Nafasi ya mita moja ya nailoni inaingia karibu mita nne za huu. Rili yako inakula mita 200 za ile nailoni, kwa hiyo roli yangu ya mita 300 peke yake haitafika hata nusu ya ngoma. Tia kwanza mita 120 za nailoni, zimo kwenye boksi, kisha unga huu juu yake. Kuna sababu ya pili: mshipi wa kusuka ni mtelezi. Ukiufunga moja kwa moja kwenye chuma unazunguka wote kama pete iliyolegea, na utadhani breki imekufa. Mimi nilifungua rili nzima, nikatandaza vyuma vyote mezani, kabla sijagundua. Tena upakie umekazwa. Mtu ashike roli na kitambaa kilicholowa, wewe uzungushe, la sivyo samaki wa kwanza atauzamisha mshipi ndani ya mshipi na ukwame.

Wembamba huo una faida nyingine utakayoiona mwenyewe: maji hayauburuzi sana, kwa hiyo chambo chako chenye ulimi wa plastiki kitazama zaidi ya ulivyozoea kwa mwendo uleule. Ukipita juu ya mwamba, kikumbuke hicho.

Fundo la kuunga kwenye nailoni, fanya mizunguko 8 kwa upande wa kusuka na 4 kwa upande wa nailoni, lowesha kwa mate, kaza polepole. Ukivuta kavu linaungua kwa msuguano. Usichome ncha kwa kiberiti kama tulivyozoea kwenye nailoni, huu unayeyuka upesi na utalidhuru fundo. Kata kwa mkasi mkali, kisu kitakusumbua.

La mwisho ni la mikono. Mpwa wako amezoea kudaka mshipi wa nailoni na kuuzungusha kiganjani samaki akikaribia boti. Huu asiuzungushe, hata mara moja. Mimi niliushika hivyo kwa sekunde chache, sehewa mdogo tu, ukaingia kwenye kidole cha shahada mpaka nikaona nyama nyeupe kabla damu haijatoka. Kovu lipo, utaliona ukija. Ndani ya boksi nimeweka glovu jozi mbili, moja yake na moja yako. Samaki akifika, ashike zile mita 10 za nailoni.

Wa ratili 50 ulikuwa na bei ndogo kuliko wa 100. Iliyobaki, nikitoa nailoni na glovu, nimekurudishia kwenye simu jana usiku. Ukiupokea mzigo nipigie, na uwe na mizani karibu, tuipime hiyo breki pamoja nikiwa kwenye simu.

Wako,
jirani yako wa zamani wa Kigamboni