Wiki hii: mshale wa pili

Habari za jioni, wapendwa. Tunaendelea na fundisho la Buddha la mishale miwili. Mshale wa kwanza ni maumivu yenyewe: jino linauma, au mtu amekujibu vibaya mbele za watu. Wa pili tunajichoma wenyewe, kwa hasira na kuwaza usiku kucha "kwa nini mimi?" Wa kwanza haukwepeki. Wa pili unazuilika, na naamini hapo ndipo uhuru wa moyoni unapoanzia.

Asubuhi, kabla ya kushika simu, keti dakika 10 ukisikilizia pumzi inavyoingia puani ikiwa baridi na kutoka vuguvugu. Mawazo yakikuhamisha, usijigombeze, rudi tu kwenye pumzi. (Mwenye maumivu ya mgongo akalie kiti, si lazima kukunja miguu.) Jumapili saa 2 usiku tuelezane hapa ilivyokuwa.