Antivairasi Ikikagua Kompyuta Mchana Kutwa: Angalia Diski Kabla ya Kuizima

Umeanzisha ukaguzi asubuhi kabla ya kwenda sokoni Kongowea, umerudi adhuhuri, asilimia bado ni 34 na kompyuta haifungui hata ukurasa mmoja. Wengi wakifika hapo huizima antivairasi kabisa, kisha fleshi moja iliyotoka saiba ikawaharibia faili zote. Sisi mafundi wa kompyuta tunakusihi uangalie diski kwanza. Antivairasi haiwezi kukagua faili ambayo diski haijaileta.

Laptopu nyingi zinazouzwa hapa mjini ni za mtumba, zile tunazoziita eksi-UK, na nyingi bado zina diski ya zamani yenye sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika. Kila faili ndogo inaitaka sahani izunguke na kichwa cha kusomea kihame, kwa hiyo diski hiyo hufikia takriban faili 60 tu kwa sekunde. Chukua kompyuta ya familia yenye faili 400,000, pamoja na Windows, picha na kazi za shule za watoto: karibu saa mbili zitakwisha katika kutafuta faili peke yake. Ukianza kutazama video wakati huohuo, kichwa kinavutwa huku na huku na muda unazidi kurefuka. SSD, diski ya kisasa inayohifadhi data kwenye chipu, haina kinachozunguka wala kinachohama, ndiyo maana haina tatizo hili.

Kujua kama diski ndiyo inayokwama, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja wakati ukaguzi unaendelea. Dirisha la Task Manager litafunguka. Tazama safu za CPU (kichakataji), Memory (RAM, yaani kumbukumbu ya muda) na Disk. Disk ikikaa kwenye asilimia 100 huku CPU iko chini ya 30, umepata jibu. Memory ikiwa juu ya asilimia 90, RAM ndiyo haitoshi: Windows inalazimika kuazima nafasi kwenye diski, na diski ileile iliyochoka inabeba mizigo miwili. Kwa mashine yenye RAM ya GB 4, kuongeza hadi 8 husaidia sana. CPU ikiwa juu na Disk imetulia, huenda antivairasi inafumua faili kubwa la zip au ISO, lile linalofungia faili nyingi ndani yake, maana lazima ilifungue na kukagua kila kilichomo. Asilimia inaweza kusimama hapo dakika nyingi, na hiyo si kukwama.

Katika orodha hiyohiyo, angalia kama kuna antivairasi mbili. Hili tunaliona mno: laptopu ilikuja na antivairasi ya majaribio, muda wake ukaisha, mwenyewe akaweka nyingine bila kuitoa ya kwanza. Kila antivairasi moja inapofungua faili, ya pili nayo inaruka kuikagua. Bakisha moja. Ile unayoiondoa, itoe kupitia Settings, kisha Apps, halafu zima na uwashe kompyuta. Ikiacha mabaki, tumia kifaa cha kuondolea kinachotolewa na watengenezaji wake. Kufuta folda yake kwa mkono huacha vipande vinavyoendelea kuisumbua mashine. Kwa matumizi ya nyumbani, Defender inayokuja na Windows inatosha, na hurudi kazini yenyewe nyingine zikishaondolewa.

Fleshi na diski za nje zichomoe kabla ya ukaguzi mkubwa, uzikague peke yake baadaye. Tundu la USB 2.0 hupitisha takriban MB 30 kwa sekunde, hivyo fleshi ya GB 64 iliyojaa, ikisomwa yote, ni zaidi ya nusu saa. Kama folda za kwenye fleshi zimegeuka kuwa njia za mkato za KB 1, usizibofye. Data zako kwa kawaida bado zimo, zimefichwa tu. Kagua fleshi kwanza, na kirusi kikishaondolewa, fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukibadilisha E kwa herufi ya fleshi yako. Folda zitaonekana tena.

Joto nalo lina sehemu yake, hasa kwetu wakati wa kaskazi. Vumbi na unyevu wa chumvi hugandana kwenye feni na mapezi ya kupozea. Kichakataji kikikaribia nyuzi 95 hadi 100 hujipunguzia kasi ili kisiungue, na ukaguzi unazorota. Usiweke laptopu juu ya godoro wala mto. Feni ikipiga kelele muda wote, mashine inahitaji kufunguliwa, kusafishwa na kupakwa upya dawa ya kupitishia joto.

Lipo jambo moja linalotutia wasiwasi kuliko yote: diski inayokufa. Ukisikia mlio wa tik-tik, au ukaguzi ukikwama kila mara kwenye folda ileile, usiurudie. Ukaguzi kamili huilazimisha diski mbovu kusoma kila pembe na unaweza kuimaliza. Nakili kwanza picha, vyeti na hesabu za biashara kwenye diski nyingine, ndipo ufungue CrystalDiskInfo, programu ya bure inayoonyesha afya ya diski. Rangi ya njano na neno Caution, au namba zinazopanda kwenye Reallocated Sectors na Current Pending Sector, zinazohesabu sehemu mbovu za diski, maana yake ni kubadilisha diski. Hakuna mpangilio wa antivairasi utakaoiponya.

Ukibadilisha, weka SSD. Laptopu nyingi za zamani huchukua ya inchi 2.5 inayotumia SATA, aina ya muunganisho wa diski. Zilizo nyembamba huchukua M.2, SSD yenye umbo la kadi ndogo, na hapo hakikisha kama tundu lako ni la SATA au la NVMe, muunganisho wa aina nyingine, kwani hazibadilishani. Diski ya zamani ikiwa bado nzima, huhitaji kuanza upya: tunanakili kila kitu kwa waya wa USB, Windows na faili zako zikabaki zilivyo. Kama mashine ina BitLocker, kufuli la Windows linaloficha data za diski, njoo na ufunguo wake wa kurejeshea.

Baada ya hapo, Quick Scan inatosha kwa siku za kawaida, kwa kuwa huangalia sehemu ambazo virusi hupenda kujificha. Full Scan, yaani ukaguzi kamili, fanya mara moja kwa mwezi, saa nne usiku, chaji ikiwa imechomekwa na kompyuta imepangwa isilale. Ukaguzi wa ratiba hujibana usile kichakataji chote, kwa hiyo usishangae ukienda taratibu. Ukishuku kirusi ndicho kinachouzuia ukaguzi wenyewe, hifadhi kazi zako uchague Microsoft Defender Offline: kompyuta itajiwasha upya na kukagua kwa takriban dakika 15 kabla Windows haijaamka. Usiianze siku ambayo stima inapotea-potea kama betri yako imechoka.

Na usiiambie antivairasi iruke folda ya Downloads ili umalize haraka. Humo ndimo virusi vingi huingilia.