Spika zingoje kidogo, mwanangu

Umoja, Jumapili usiku

Mwanangu mpendwa,

Ile fomu ya mkopo wa sacco wa kununua spika, uliyoniachia nikudhamini, nimeisoma. Sijaitia sahihi. Uliondoka bila kumaliza chai nikajua umeumia, ndiyo maana nakuandikia.

Leo nilikaa benchi la nyuma kanisani makusudi, nikutazame ukiendesha mitambo ya sauti. Asubuhi ukumbi ukiwa mtupu, sauti iligonga mabati ikarudi kama kelele, ukaishusha. Watu walipojaa ikafifia, maana miili na nguo hunyonya sauti, hasa ile nyembamba. Ukaipandisha polepole, hata mtu mmoja hakugeuka. Nilifurahi mno, baba.

Kisha yule dada wa kwaya akafumbata kichwa cha maiki kwa kiganja, mluzi ukapasua masikio, nawe ukashusha kila kitu kwenye miksa. Maiki hiyo, Shure SM58, imeundwa isikie vizuri mbele, nyuma isisikie sana. Ukiifumbata inaokota sauti kila upande, pamoja na ile spika iliyo miguuni pake. Cha kurekebisha kilikuwa mkono wake. Mwambie kwa upole aishike chini, tena aikaribishe mdomoni: umbali ukizidi mara mbili, sauti inayoingia hupungua desibeli 6, unalazimika kuongeza geini, yaani nguvu ya maiki kwenye miksa, na mluzi unarudi. Asiyeimba, maiki yake ifungwe. Spika kubwa zaidi zingeukuza mluzi uleule.

Mimi nilikopa mwaka uliozaliwa. Nikanunua spika mbili na amplifaya Luthuli Avenue, Nairobi. Mwezi wa kwanza nilipata harusi mbili, wa pili sikuitwa popote. Pikapu ya kubebea, vijana wa kushusha, mahali pa kuviweka, yote hayo sikuwa nimeyapigia hesabu. Halafu stima ikapotea, iliporudi ikarudi kwa nguvu, na amplifaya ikatoa harufu ya plastiki iliyoungua. Mama yako alizitandikia spika leso zikawa meza ya sebuleni, na mshahara wangu ukakatwa miezi 14. Kuna usiku alilala njaa ili wewe unywe maziwa. Hilo sijawahi kukwambia.

Kwa sasa anza na hedifoni zinazoziba masikio, kebo imara za maiki, na visanduku viwili vya DI, vile vya kuunganishia ala kwenye miksa. Kile kinanda kinachonguruma kila Jumapili kipitishe kwenye DI, ubonyeze swichi yake ya kutenganisha athi, yaani waya wa ardhi. Mara nyingi mngurumo hukoma. Lakini waya wa athi kwenye plagi ya stima usiukate kamwe, hata fundi mkubwa akikuonyesha. Mtu anaweza kufa ameshika maiki.

Vyombo vikubwa endelea kukodi. Nunua daftari, uandike kila kazi uliyoitwa wewe mwenyewe, ulilipwa ngapi, kukodi na usafiri vilikula ngapi. Miezi 6 ikipita na pesa unazolipa kukodi vyombo kila mwezi zinazidi rejesho la mkopo, nitatia sahihi siku hiyohiyo.

Fomu iko kwenye droo ya kabati, sijaichana. Jumamosi nipitie saa nne twende mjini tukanunue hivyo visanduku. Nitalipa mimi.

Baba yako